Kifuko cha Mama Upendo

Vijana wangu, juzi mlinikalisha kwenye mkahawa wa chini ya nyumba yangu hapa Sanyuanli, Guangzhou, mkaniuliza katika miaka yangu yote ya ukalimani kazi gani ilinishinda. Niliwaona mmeinama mbele, mnangoja habari za polisi au za mahakamani. Nikawajibu kwa mzaha kwamba iliyonishinda ni kupanda ngazi za soko la viatu Liuhua na magoti haya. Mkacheka, mkalipa chai, mkaenda zenu. Nilipofika juu nikajiona mwongo.

Iliyonishinda ilikuwa kazi nyepesi sana. Dakika ishirini, chumba chenye kiyoyozi, watu watatu, na maneno ninayoyajua yote. Sikukosea hata neno moja. Nimeamua kuwaandikia, maana nyinyi ndio mnaoshika kazi hii sasa, na simu zenu zinazotafsiri hazitawaambia haya.

Lakini nianze na kicheko, kwa sababu kazi hii bila kicheko haibebeki.

Siku yangu ya kwanza sokoni nilitumwa na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyetaka suruali elfu mbili. Mimi ni mtu wa Tanga, Kichina changu kilikuwa cha darasani. Mnajua kwamba kwa Wachina kununua na kuuza ni neno hilohilo moja, sauti tu ndiyo inayopanda au kushuka. Mimi nikaishusha palipotakiwa kuipandisha. Nikamwambia laobani, mwenye duka, kwamba bosi wangu amekuja kumuuzia suruali elfu mbili. Laobani akaangalia kuta zake zilizojaa suruali mpaka darini, akasema, "Buyao." Sitaki. Nikamtafsiria bosi wangu: hataki. Bosi akadhani bei ni ndogo, akaongeza. Laobani akazidi kukataa. Bosi akaongeza tena. Tuliendelea hivyo mpaka laobani akaanza kutusukuma nje kwa ufagio, bosi wangu analia kwamba hajawahi kuona duka lisilotaka kuuza.

Aliyetuokoa alikuwa Mzee Shabani, Mzanzibari aliyekuwa mkalimani mkubwa kuliko sote hapa. Alisikiliza, akacheka mpaka akakaa juu ya robota la nguo. Tangu siku ile akanichukua kama mwanawe, akanifundisha kazi.

Mafundisho yake mengi nimewapa nyinyi bila kuwaambia yametoka wapi. Kaa mahali unapoziona nyuso zote mbili. Kula kabla ya kwenda kazini, maana mkalimani mwenye njaa hufupisha. Ukiambiwa utani usicheke kabla hujautafsiri, la sivyo mwenzio atadhani anachekwa yeye. Na juu ya yote: usiongeze, usipunguze. Lililosemwa mezani ndilo unalolipeleka upande wa pili. Mteja akikwambia njiani kwamba mwisho wake ni yuani thelathini, mezani akataja ishirini, wewe ni ishirini tu, hata macho yako yasijue thelathini. Mzee Shabani alikuwa na msemo wake: "La teksi libaki kwenye teksi." Nimeuishi msemo huo. Ndio ulionipa jina. Watu wa Dar, Mwanza, Arusha walikuwa wakishuka uwanja wa ndege wanasema, nitafutie Da Mwanaidi, yule hana mdomo.

Hivyo ndivyo Mama Upendo alivyonipata.

Alikuwa mwanamke wa Njombe anayeishi Mbeya, mjane, mwenye duka la nguo za kike. Duka lilisimamiwa na binti yake, Upendo, yeye akija huku kununua. Alikuwa mkubwa wa mwili na mkubwa wa kicheko. Akiingia duka la jumla Liuhua, wauzaji walimjua kwa sauti kabla hawajamwona. Aliimba sokoni, nyimbo za kwaya, na mimi Mwislamu nikajikuta nimezikariri.

Mchana mmoja tulikuwa kwenye soko la viatu, akachoka, muuzaji akamsogezea kistuli cha plastiki. Kikavunjika. Akaenda chini, sketi ikapanda, maboksi ya viatu yakamwangukia. Watu walicheka. Wawili watatu walitoa simu wakapiga video. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, akasema, "Da Mwanaidi, mwambie alete stuli ya chuma, huyu ni mtu wa Njombe amelelewa kwa viazi!" Nikatafsiri, wakacheka tena, sasa kwa mapenzi.

Tulipoingia kwenye teksi akafunga mlango, akafunika uso kwa mtandio wangu, akalia kutoka Liuhua mpaka hapa. Aliniambia magoti hayampi usingizi, sukari inapanda, na Upendo humfunga viatu asubuhi kama mtoto. "Natafuta hospitali," akasema. "Wapo wanaopunguza tumbo hapahapa. Utanisemea?"

Nikasema nitamsemea.

Kazi ya hospitali ina ufundi wake, nanyi mnaipuuza kwa sababu haina kamisheni ya marobota. Kiswahili chetu kina neno moja, tumbo, na ndani yake tumetia kila kitu: mfuko wa chakula, utumbo, kizazi, hata ini. Kwa Kichina kila kimoja kina jina lake na daktari wake. Kwa hiyo mwambie mgonjwa aweke kidole. Mwombe daktari achore. Akimaliza kusema, mrudishie ulivyoelewa kabla hujamgeukia mgonjwa. Ukiona aibu kuuliza mara ya pili, rudi ukauze viatu.

Daktari wetu alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Liang, msema taratibu. Alichora mfuko wa chakula kama maharage makubwa, halafu juu kabisa akachora kipande kidogo. Hicho ndicho wangekitenga, akasema, na kukiunganisha na utumbo. Kingekuwa na ukubwa wa yai. Nikatafuta neno, nikamwambia Mama Upendo, "Watakufanyia kifuko." Neno hilo likabaki.

"Yai la kuku wa kienyeji au wa kisasa?" akauliza Mama Upendo.

Nikatafsiri. Daktari akatabasamu, akasema dogo.

"Mwulize ugali nitakula?"

Hapo ikabidi nimweleze daktari ugali ni nini. Akafikiri, akasema baadaye sana, tonge dogo, na alitafune mpaka liwe maji.

Mama Upendo akanitazama kama nimemtukana. "Alitafune? Ugali hautafunwi, Da Mwanaidi, ugali unamezwa! Mwambie huyu mama!"

Tulicheka sote watatu. Kisha daktari akawa mkavu, akanitaka nitafsiri sentensi moja moja. Kula kidogo na polepole. Usinywe maji pamoja na chakula. Vidonge vya vitamini kila siku maisha yako yote, kwa sababu kifuko hiki hakitaweza kukupa vyote unavyohitaji. Na ukitapika siku baada ya siku, usingoje, njoo. Nilimwandikia yote kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, akaikunja ile karatasi akaitia ndani ya Biblia yake.

Upasuaji ulikwenda salama. Mwanzoni vijiko vitatu vya supu vilimshinda. Alikuwa akinipigia kutoka Mbeya ananiambia, "Leo nimekula nusu ya ndizi, nimeshiba kama nimekula harusini." Sukari ikashuka. Alipokuja safari iliyofuata nilimpita pale stesheni bila kumtambua, mpaka aliponiita. Tulitembea kwa miguu siku nzima. Kwenye duka moja akachukua gauni la sampuli lililotundikwa mlangoni, akalivaa palepale juu ya nguo zake, likamwenea. Hakuimba. Alisimama mbele ya kioo, anajishika kiuno kwa mikono miwili.

Ningependa niishie hapo.

Mwaka hivi baada ya upasuaji, nilimpeleka kula kwa mama mmoja wa Kitanzania anayepika ghorofa ya nne, jengo la pili kutoka hapa. Wali, samaki wa nazi, mchicha. Tulikuwa tunazungumza habari za mizigo, anakula polepole kama alivyofundishwa. Ghafla akainamia bakuli.

"Da Mwanaidi, hili lilikuwa limejaa?"

"Lilikuwa nusu."

Akaweka kijiko chini taratibu. "Nimemaliza nusu bakuli."

"Na umeshiba?"

"Mwaka jana vijiko vitatu vilinishinda. Kimepanuka. Kifuko changu kimepanuka."

Nilimwambia huenda ndivyo kinavyotakiwa kuwa, tukamwulize daktari. Akakataa. Alisema hawezi kwenda mbele ya Daktari Liang na aibu ile, apungue kwanza. Nikaona macho yake. Nilikuwa nimewahi kuyaona vile siku ya kistuli.

Nyumbani nako hakukuwa na unafuu. Kwenye kwaya, wenzake walikuwa wakimtazama sahani. Mmoja alimwambia kwenye sherehe ya kipaimara, "Hela yote ile, na bado unachukua pilau?" Alinisimulia kwa simu, akicheka, lakini alinisimulia mara tatu. Alikuwa amejiunga na kundi la wanawake kwenye simu, watu waliofanyiwa upasuaji nchi mbalimbali, na humo wakaambiana kwamba kifuko kikilegea unaweza kukirudisha kwa kunywa vitu vya majimaji tu. Akaanza uji mwepesi, anaupima kwa kile kikombe cha plastiki cha dawa ya mtoto. Akiona njaa alijiona amekosa. Vidonge vya vitamini akaviacha kwa sababu vilimtibua tumbo, na kwa sababu mtu fulani kwenye kundi alimwambia vinaongeza hamu ya kula.

Hayo yote niliyajua vipande vipande. Sikuyaunganisha. Nilikuwa mkalimani wake, sikuwa nesi, ndivyo nilivyojiambia.

Alipokuja safari iliyofuata shingo ilikuwa imekonda, nywele zimepungua mbele. Alikuwa na miadi Alhamisi asubuhi. Nikamfuata hotelini, tukapanda teksi. Alishika mkono wangu.

"Da Mwanaidi, natapika. Wiki ya tatu hii. Hata maji mengine hayakai."

"Subhanallah. Mwambie daktari."

"Na miguu," akasema. "Wiki mbili sasa imejaa sisimizi. Nikivua viatu sijui kama nimevua."

"Mama Upendo, mwambie daktari!"

"Akijua ataniambia nile. Utamwona. Ataniambia nile, nami nitarudi kuwa yule." Akageukia dirishani. "Mimi nataka anipimie kifuko, basi. Aniambie kimepanuka kiasi gani. Usimwambie mengine. Wewe huna mdomo, ndiyo maana nakupenda."

Halafu nikasema, "Haya."

Wanangu, hapo ndipo. Mtu akisimulia kosa lake hutafuta mahali padogo pa kujificha, na mimi nimetafuta sana. Hakuna. Nilisema haya.

Walimnywesha maji mazito meupe, wakampiga picha. Kisha tukaingia kwa Daktari Liang. Akauliza, mgonjwa anatapika? Nikatafsiri. Mama Upendo akajibu hapana. Nikasema hapana. Ganzi, au kuwashwa miguuni? Hapana. Hapana. Vitamini anakunywa? Kila siku. Kila siku. Sauti yangu ilikuwa imetulia, naikumbuka. Nilijisifu moyoni kwa jinsi ilivyotulia.

Daktari akageuza kioo cha kompyuta tuone picha. Alisema kifuko ni kizima. Mara baada ya upasuaji kilikuwa kimevimba, ndiyo maana vijiko vitatu vilikijaza. Uvimbe umekwisha, kimelegea kidogo kama inavyotakiwa, na mtu aliyemaliza mwaka tangu upasuaji kula nusu bakuli ni jambo walilolitegemea tangu mwanzo. "Mwambie njaa haimaanishi amekosea," akasema. "Mwambie nina wasiwasi kwamba amekonda haraka mno. Anakula?"

Nilimtafsiria Mama Upendo kila neno. Hakuamini. "Mwambie apime tena," akasema. "Mwambie mimi najua mwili wangu."

Daktari akasema angependa damu ichukuliwe, wangoje majibu mpaka mchana. Mama Upendo akasema hawezi, kontena lake linafungwa bandarini Nansha siku ileile, atarudi wiki ijayo. Kontena lilikuwa limefungwa juzi yake. Mimi ndiye niliyepeleka karatasi. Nikatafsiri: kontena, Nansha, wiki ijayo.

Ndipo Daktari Liang alipoacha kumtazama mgonjwa, akanitazama mimi. Miaka yote ile daktari au muuzaji hunitazama akiwa anaongea na mwingine. Safari hii alikuwa anaongea nami. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Wewe uko naye kila siku. Kuna jambo lingine ninalopaswa kulijua?"

Mama Upendo hakuelewa. Alinigusa goti. "Anasemaje?"

Nikasema, "Meiyou." Hakuna. Ni neno la sokoni kabisa, lile wanalotuambia wenye maduka tukiulizia saizi iliyokwisha. Maneno mengine yote ya siku ile yalikuwa ya Mama Upendo, mimi niliyapitisha tu. Hilo lilikuwa langu.

Siku tano baadaye, asubuhi, wakala wa mizigo akanipigia kutoka ofisini kwake hapa Sanyuanli. Mteja wako ameanguka, akasema. Nikakimbia na kanga. Nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea maboksi, mboni za macho zinachezacheza kama mtu anayesoma maandishi yanayokimbia. Aliponiona akafurahi.

"Da Mwanaidi! Twende kwa daktari tukamwulize habari ya kifuko."

"Tulikwenda Alhamisi, Mama Upendo."

"Tulikwenda?" Akafikiri. "Akasemaje?"

Nikamwambia kifuko ni kizima. Akashukuru Mungu. Tukamwinua mimi na wakala, miguu ikawa inatupwa huku na huku, haimsikii. Kwenye teksi akaniambia, "Twende kwa daktari tukamwulize habari ya kifuko." Aliniambia hivyo mara nne kabla hatujafika.

Safari hiyo sikungoja kuulizwa. Nilianza kusema mlangoni. Nilisema kutapika, nilisema sisimizi, uji, vidonge, kikombe cha mtoto, vyote. Daktari Liang alikuwa amemshika Mama Upendo kichwa anamwangalia macho.

"Miguu ilianza lini?" akaniuliza.

"Aliniambia wiki mbili."

"Alikwambia lini?"

"Alhamisi."

"Kabla ya kuingia humu, au baada ya kutoka?"

"Kabla."

Akaandika. Akaita manesi, wakaleta dripu na sindano. Alinieleza kwa maneno machache, nimweleze mgonjwa, ingawa mgonjwa hakuwa tena wa kuelezwa. Kuna vitamini moja ambayo ubongo hauwezi kukaa bila hiyo, na mwili hauwezi kuiweka akiba ya muda mrefu. Mtu asiyekula na anayetapika humwishia kama mafuta ya taa. Ikitiwa mapema, hurudi mzima. Ikichelewa, vingine hurudi na vingine havirudi. "Tusubiri," akasema.

Alipokuwa anatoka akasimama karibu nami. Hakupandisha sauti. "Siku ile nilikuuliza wewe," akasema, akaenda zake.

Macho yalitulia baada ya siku chache. Miguu ikaanza kusikia. Lakini kila asubuhi nilipoingia wodini, Mama Upendo alinipokea kana kwamba ndiyo ametua kutoka Mbeya, akiniuliza tutaanza soko gani.

Upendo alikuja siku ya nane. Nilimpokea uwanja wa ndege, binti mwembamba, hana hata begi kubwa. Aliniamkia, "Shikamoo mama," akataka kunishukuru kwa kumuuguza mama yake. Nikamkatiza. Nilimkalisha kwenye benchi la varandani, nje ya wodi, nikamwambia. Nilimwambia habari ya teksi, na ya swali la daktari, na nilivyojibu. Nilingoja anipige. Kwa kweli nilitaka anipige.

Alikunjakunja tiketi yake.

"Alikukataza?" akauliza.

"Alinikataza."

"Na mimi alinikataza," akasema. "Alikuwa anatapika nyumbani kabla hajaondoka. Akaniapisha nisikwambie wewe. Alisema utamwambia daktari."

Basi tukakaa pale, watu wawili tulioitunza siri moja vizuri kabisa. Yeye ndiye aliyeanza kulia.

Jioni ile nilimpigia Mzee Shabani, Zanzibar. Alikuwa ameshastaafu, masikio yamekuwa mazito, ikabidi nipige kelele. Nilimsimulia. Nadhani nilitaka aniambie nilifuata kanuni.

"Mwanaidi," akasema, "mimi nilikufundisha kununua suruali. Nani alikwambia nilikuwa nazungumzia watu?"

Nikasema hakuniambia tofauti.

Akakohoa. "Ni kweli. Sikukwambia." Kisha akaongeza, "Sikuwahi kupeleka mtu hospitali. Niliogopa kazi ile." Akaniombea dua, akakata. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka michache zaidi, na nilibadili namna yangu. Mtu akinitaka nimpeleke hospitali, nilimwambia kabla hatujatoka nyumbani: utakaloniambia njiani kuhusu mwili wako, daktari akiniuliza, nitalisema. Kama hutaki nilijue, usiniambie. Kama hukubali, nitakutafutia mkalimani mwingine. Wapo waliokasirika. Mmoja wa Moshi aliniambia nimezeeka nimekuwa mmbea. Nilipoteza wateja wengi, na wale niliobaki nao walinitazama kwa jicho la pembeni. Sijui kama ni kanuni nzuri. Pengine wapo walioacha kuniambia walichopaswa kusema, na wakaumia kimya. Mkipata iliyo bora, nileteeni kabla sijafa.

Mwaka jana, kabla sijaacha kazi kabisa, nilikwenda Mbeya. Nilikuwa nimeiahirisha safari ile mara nyingi. Upendo alinipokea stendi, ameolewa sasa, duka analiendesha yeye. Njiani alinitayarisha. Mama anatembea kwa kifaa cha kushikilia, akasema, anafika mpaka uani. Ya zamani anayakumbuka yote, mpaka nyimbo. Ya leo hayakai.

Nilimkuta barazani, amejifunika shuka, uso mwembamba lakini ndio yeye. Akanijua palepale. "Da Mwanaidi! Umekuja na teksi?" Nikamwambia nimekuja na teksi. Akaanza kunisimulia kistuli cha plastiki kilivyovunjika, kwa kicheko kilekile, na mimi nikacheka mahali pote nilipopaswa kucheka.

Upendo akaleta chakula. Viazi vya Njombe vilivyopondwapondwa na maziwa, kwenye sahani ndogo, na kijiko kidogo. Akamfunga kitambaa shingoni. Mama Upendo akala vijiko vitatu, akaacha.

"Nimekula?" akamwuliza binti yake.

"Bado, mama. Ndiyo kwanza unaanza."

Akala viwili. Akaangalia sahani kwa muda.

"Nimekula?"

"Bado, mama."

Upendo aliniambia kwa macho kwamba ndivyo ilivyo, mara tatu kwa siku, kila siku. Asipokaa naye hapo, mama huamini ameshakula akaiacha sahani, au huamini hajala akatafuta sufuria. Yeye aliyekuwa akijua kila tone la uji lililopita kooni mwake. Upendo akasogeza kijiko tena. Mama yake akafumba mdomo, akamtazama kwa mashaka, kisha akanigeukia mimi. Akanishika mkono.

"Da Mwanaidi, wewe huwezi kunidanganya. Nikila hiki si kitakuwa kingi?"

Kijiko kilikuwa bado hewani mkononi mwa Upendo.

"Si kingi, Mama Upendo," nikamwambia. "Ndicho daktari alichosema. Kula."

Akaniangalia usoni kwa muda mrefu, akafungua mdomo.